Msumari Uliobaki

Usiku wa kuamkia Jumapili niliota mke wangu ameniletea Jumamosi kwenye kibanda changu cha kazi. Alikuwa ameifunga kwenye kanga, kama mtu anavyobeba sufuria la moto. Akaiweka mezani taratibu.

"Baba Tunu, hii haizunguki," akasema. "Tangu asubuhi inakwama palepale."

Mimi ni fundi wa cherehani. Sikusomea. Nilijifunza kwa kufungua moja iliyokufa na kuifunga tena na tena mpaka ikafufuka, na ilinichukua miezi minne. Tangu hapo nina utaratibu mmoja: kila ninachokitoa nakilaza juu ya kitambaa cheupe kwa mpangilio, cha kwanza kushoto, cha mwisho kulia. Wakati wa kufunga, narudi nyuma. Kikibaki kitu kwenye kitambaa, hata skrubu ndogo kama punje ya ulezi, mashine haijapona, hata kama inashona.

Kwa hiyo sikushangaa. Nikatandika kitambaa, nikachukua bisibisi.

Lakini kwanza niseme Jumamosi yenyewe ilikuwaje nilipokuwa macho. Kwetu maji ya bomba hutoka Jumamosi tu, kuanzia alfajiri mpaka yatakapochoka. Ndiyo siku ya kujaza pipa, kufua sare, kuogesha watoto mpaka nyuma ya masikio, na kumsuka Tunu nywele za shule. Watoto ni watatu. Tunu ana miaka sita, Sudi ana minne, na Riziki amejua kutembea mwezi huu, na sasa anatembea kuelekea chochote kinachoweza kumwagika. Mimi huandika ratiba Ijumaa jioni na kuibandika mlangoni.

Ijumaa hiyo nilikuwa nimeshabandika, jino la mbele la Tunu likatoka na kubaki ndani ya andazi. Akaja nalo kiganjani.

"Baba, tulitupe."

Kwetu jino la kwanza halitupwi ovyo. Mtoto hubebwa mabegani na baba yake, jua likiwa linaona, akalirusha juu ya bati na kusema: "Paa, chukua la uji, nipe la muhogo." Lisipotupwa kabla ya jua la pili kuzama, jipya huota upande. Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba langu, baba yangu alisema "kesho" kwa wiki mbili. Alikuwa na watoto saba na ghala la katani la kulinda, simlaumu. Jino langu la mbele limekaa upande mpaka leo, kama mtu anayechungulia kwa jirani, na tangu utotoni nacheka nikiwa nimefunga mdomo.

"Kesho," nikamwambia Tunu, kwa sababu jua lilikuwa limeshazama.

Jumamosi aliniuliza nikiwa na ndoo. Akaniuliza nikisuuza. Akaniuliza nikiwa nimelala kifudifudi, namtafutia Sudi kiatu cha kushoto. Kila mara nilimwambia, "Subiri kidogo, mwanangu," na kila mara ilikuwa kweli kwamba nina kazi. Akalala na jino lake ndani ya ngumi. Na Jumapili ratiba ilikuwa imejaa: pasi za sare, kisha saa tatu kamili safari ya Mikese kwa bibi yao, kurudi jioni.

Sasa turudi mezani.

Naifungua Jumamosi. Cha kwanza kutoka ni pipa la maji, limejaa, halimwagi hata tone. Nalilaza kushoto. Linafuata beseni la sare. Kisha zinatoka nywele za Tunu, upande mmoja umesukwa twende kilioni, upande wa pili umesimama, na katikati yake limelala chanuo.

"Mbona hujamaliza?" nauliza.

"Niko mapumzikoni," linasema chanuo. "Shangazi Mwaija ameenda kuangalia maharage yake jikoni. Tangu saa nne."

Shangazi Mwaija ni jirani yetu, ndiye msusi. Maharage yake yanajulikana mtaa mzima. Sibishani.

Ndani zaidi, juu ya gurudumu kubwa, amekaa Sudi na kiatu kimoja.

"Baba, usinitoe. Mimi ndiye ninayeizungusha."

"Mbona haizunguki?"

"Nakula kwanza."

Namsubiri amalize ndizi. Chini kabisa, mahali ambapo kwenye cherehani huwa pamejaa vumbi la nyuzi, yumo Riziki, ameloa, ana kipande cha sabuni mdomoni. Namtoa sabuni. Namlaza mwisho kabisa, kulia. Anainuka na kutembea kuelekea pipa.

Naanza kufunga, nikirudi nyuma. Riziki nalazimika kumrudisha mara tatu. Hatimaye nakaza skrubu ya mwisho, natia mafuta kidogo kwenye adhuhuri, nazungusha gurudumu. Linazunguka.

"Nani kama fundi wangu!" anasema mke wangu.

"Ngoja," nasema.

Kwenye kitambaa kimebaki kitu. Kidogo, cheupe.

"Skrubu hiyo?"

"Mimi siyo skrubu," linasema jino. Lina sauti ya karani aliyekaa dirishani kutwa nzima. "Nimo kwenye foleni tangu Ijumaa. Kila anayekuja anapitishwa mbele yangu. Hata kiatu cha kushoto kimenipita."

"Kiatu kilikuwa jambo la dharura."

"Kiatu kilikuwa chini ya kitanda."

Nataka kulijibu, ila mwanga unaongezeka na siwezi kuliona vizuri. Natazama juu. Hakuna dari, hakuna bati, na hapa siyo kibandani tena, ni chumbani kwetu, na juu yetu ni mawingu yanayopita kwa adabu.

Natoka uani. Paa limekaa juu ya mkeka, limekunja miguu.

Bati hili nalijua. Nililing'oa kwenye nyumba ya marehemu baba, nikaja kuezekea hapa.

"Shikamoo," naliamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimeona mnachelewa, nikasema nilifuate mwenyewe." Linajikuna kutu begani. "La kwako nililisubiri wiki mbili. Nikadhani mmehama."

"Baba alikuwa na zamu."

"Najua. Alikuwa akipita chini yangu mbiombio. Alilikumbuka kila usiku akiwa lindoni. Mchana ndio alikuwa anasahau."

Hilo sikuwahi kuambiwa. 

Tunu anatoka ndani na ngumi yake. Anamtazama mgeni kuanzia juu mpaka chini.

"Haya, mjukuu wangu, litupe," linasema paa. "Niko hapa."

"Babu, wewe uko chini," anasema Tunu. "Hapo siyo kutupa. Hapo ni kuweka."

Paa linafikiri. Misumari yake inalia moja moja.

"Mtoto ana hoja," linasema. "Basi mbebe. Akishakaa mabegani, mimi nitapanda."

Nachuchumaa. "Panda, mwanangu."

"Pamejaa, Baba."

Nageuza shingo. Bega la kulia limekaliwa na beseni la sare. Bega la kushoto ni pipa. Katikati, juu ya kisogo changu, imepanda ratiba, imenishika masikio yote mawili.

"Shuka kidogo, nimbebe mtoto," naliambia beseni.

"Nina sare za Jumatatu."

"Leo ni Jumapili."

"Ndiyo maana nina haraka."

Naligeukia pipa.

"Mimi usiniguse," linasema pipa. "Nikimwagika, tutaonana Jumamosi ijayo. Mtapikia nini, machozi?"

"Kila mmoja hapa ana saa yake," inasema ratiba sikioni mwangu. Haina ubaya, inaeleza tu. "Huyu mtoto hana. Nimemtafutia nafasi tangu jana, sijaiona. Uliniandika mwenyewe, Baba Tunu, mpaka pembeni."

Ni kweli. Mwandiko ni wangu. Natazama jua: limeshapita utosini na linashuka kwa mwendo wa mtu anayewahi msibani. Tunu analitazama pia. Halii. Anapitisha ulimi kwenye pengo, kisha anafunga mdomo, kwa namna ninayoifahamu.

Nachukua bisibisi.

"Saa tatu imefungwa kwa skrubu ngapi?" naiuliza ratiba.

"Mbili," inasema, kwa wasiwasi. "Unataka kufanya nini?"

Nazifungua, ya kushoto kwanza. Saa tatu inatoka nzima. Ni pana kuliko nilivyodhani, na bapa. Naiweka uani. Beseni linaishangaa, kisha linashuka na kukaa juu yake. Pipa linafuata, likishika kiuno. "Tangu Ijumaa sijakaa," linasema. Ratiba inateremka mwisho, ikiwa nyepesi, inajikunja mara nne na kusinzia.

Mke wangu anatokea na Riziki kiunoni.

"Na bibi, je? Katuwekea wali."

"Ataufunika."

Anafikiri. "Wali uliofunikwa haukimbii," anakubali, naye anakaa kwenye saa tatu. Nafasi bado ipo.

Tunu anapanda mabegani. Ni mwepesi kuliko beseni. Paa linasimama, linajikung'uta, linapanda ukutani kwa kushika dirisha.

"Nimeangusha msumari mmoja," linasema likiwa juu. "Magoti haya, siinami tena. Utaupigilia mwenyewe, fundi."

Nauona kwenye mkeka, msumari wa bati wenye kofia. Kwa mazoea nataka kuubana mdomoni, lakini nitahitaji mdomo kumkumbusha Tunu maneno. Nampandishia.

"Nishikie huu. Usiupoteze."

"Nimeushika."

Jua limegusa mlima. Tunu anainua mkono wa kulia.

"Paa," anasema, "chukua la—"

Nikaamka.

Riziki alikuwa amekaa kifuani kwangu, ananipiga na chanuo. Jua la asubuhi lilikuwa dirishani. Nikatazama juu: dari ipo.

"Baba Tunu, saa moja na nusu hiyo!" mke wangu aliita toka uani. "Pasi imeshika moto, sare ziko wapi?"

Nilikwenda mlangoni nikaisoma ratiba tangu juu mpaka chini. Kisha nikachukua kalamu, nikakata saa tatu.

Tunu alikuwa macho, amekaa kitandani, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, ngumi zote mbili mapajani.

"Twende," nikamwambia.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Na ratiba?"

"Ratiba imepumzika."

Alipanda mabegani kabla sijachuchumaa vizuri. Mke wangu akatukuta katikati ya uani, pasi mkononi.

"Mnatupa saa hizi? Na Mikese?"

"Tutafika mchana."

Aliutazama mlango, akatutazama sisi. Niliona anataka kusema jambo kuhusu wali.

"Basi ngojeni," akasema, akaweka pasi chini. "Sudi! Njoo uone dada yako anatupa jino! Njoo hivyohivyo, na kiatu kimoja!"

Sudi akaja. Tunu akainua mkono wa kulia.

"Paa, chukua la uji, nipe la muhogo!"

Kli. Likabingirika kidogo kwenye mfereji wa bati, likatulia. Tulisubiri. Halikurudi. Sudi akapiga makofi, Riziki akakaa kwenye beseni, na mimi nikacheka, mdomo wazi, jino langu la upande likipigwa na jua.

"Na huu, Baba?"

Ngumi ya kushoto ilishuka mbele ya pua yangu, ikafunguka. Kiganjani mlikuwa na msumari wa bati wenye kofia, umeliwa na kutu. Ulikuwa umeacha alama nyekundu kwenye ngozi, kama kitu kilichoshikwa usiku kucha.

"Umeutoa wapi, mwanangu?"

"Si ulinipa nikushikie?"

Nikainua macho. Kwenye mstari wa tatu wa misumari ya bati, juu kidogo ya mlango, kulikuwa na tundu moja lisilo na msumari.

"Haya, kuna nini tena?" aliuliza mke wangu.

"Kuna kimoja kimebaki," nikasema, nikamteremsha Tunu taratibu, nikaenda kuchukua ngazi na nyundo.