Teksi Iliyowaka Kituoni

Watu walimwita Mzee Pampu, maana kituo chake cha mafuta kilikuwepo tangu mji haujawa mji. Asubuhi moja bintiye alikuwa akijaza teksi petroli, mara moto ukachomoza chini ya boneti. Dereva akatimua mbio.

"Chomoa mpira, mwanangu! Zima pampu, ukimbie!" mzee alifoka.

Yeye akaingia garini, akatoa gia na kuachia breki ya mkono. Teksi ikaserereka mteremkoni hadi mtaroni, ng'ambo ya barabara. Akaruka nje nyusi zimeungua, na gari likawaka lote.

"Baba, ungekufa!" binti alilia.

"Na wewe je?"

Akaketi kwenye kreti. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alifunga kituo kabla ya adhuhuri.