Mkanda Wenye Uzi Mwekundu

Mama alikubali mdogo wangu akimbie kwa sharti moja: mimi nikimbie naye bega kwa bega, na jicho langu lisibanduke kwenye saa yake ya kupimia mapigo ya moyo.

"Baba yenu alianguka ana miaka arobaini na moja, na dakika moja kabla ya hapo alikuwa ananitania," alisema, kana kwamba tulikuwa tumesahau. "Sijui nani kati yenu kaurithi moyo ule. Na sitaki kuja kujua makaburini."

Ndivyo nilivyogeuka mkimbiaji nikiwa na miaka thelathini na minne, mimi dobi wa hospitali, ambaye mbio zangu za mwisho zilikuwa za kuwahi kuanua mashuka mvua ikianza. Mdogo wangu ana ishirini na minane, kazi yake ni kupaka rangi majumba, na tangu shuleni anaitwa Risasi. Alitaka jambo moja duniani: nafasi ya mwanamke iliyobaki kwenye timu ya klabu, wale wanaokwenda kukimbia kilomita arobaini na mbili. Mimi pia nilitaka jambo moja. Nilitaka kila siku nimrudishe kwa mama akiwa mzima.

Kocha wetu tulimwita Breki, kwa sababu hilo ndilo neno alilotupigia kelele kutwa. Kwake mbio ndefu hazifundishwi kwa kasi, zinafundishwa kwa moyo uliotulia. Alitupangia kikomo cha mapigo mia moja arobaini na tano kwa dakika. Ukizidi hapo unatembea, ukishuka unakimbia tena, hivyo hivyo kwa miezi mitatu, mpaka mwili uzoee kwenda mbali bila kugombania pumzi. Na kwa kuwa tulikuwa wawili, akaongeza lake: mmoja akizidi, wote mnatembea.

Tulichekwa vya kutosha. Siku moja mama mmoja mwenye beseni la vitunguu kichwani alitupita mlimani, akageuka na kutupa pole ya ugonjwa. Risasi alitaka kulia kwa hasira. Mimi nilimwambia mwenda pole hajikwai, akanijibu kwamba mwenda pole hafiki pia, basi tukacheka, tukaendelea kujikokota.

Kocha alitupa kila mmoja saa ya mkononi na mkanda wa kuvaa kifuani. Mbele ya mkanda kunabanwa kidude kidogo cheusi kinachosikiliza moyo na kuipelekea saa habari. Kila saa inakijua kidude chake, haikisikilizi cha jirani. Mikanda yenyewe ilifanana kama mapacha, vidude navyo vivyo hivyo. Sasa mimi ni dobi, na dobi hapotezi nguo ya mtu: huitia alama. Siku ile ile ya kwanza nilishona uzi mwekundu pembeni mwa mkanda wangu. Tulipotoka mazoezini nikavichomoa vidude, mikanda nikaitia kwenye beseni la sabuni, maana mimi na jasho la jana hatulali nyumba moja. Ilipokauka nikavibana vidude mahali pake. Kuanzia kesho yake nikaweka makopo mawili, kidude changu kopo hili, chake kopo lile, nisije nikachanganya. Nilijisifu sana kwa utaratibu wangu.

Wiki ya tatu, saa yangu ilianza vituko.

Tulikuwa kwenye tambarare, tunakwenda mwendo wa kusindikiza harusi, na mimi pumzi ninayo tele, hata hadithi nasimulia. Nikatupia jicho saa yangu. Mia moja themanini na nane. Nikaisugua kioo. Mia moja tisini na moja. Nikasema nimechoka, tutembee. Risasi akanionyesha saa yake: mia moja ishirini na nane, imetulia tuli. Baada ya dakika mbili yangu ikashuka ghafla mpaka mia moja na kumi, na mimi muda wote sikuhisi chochote.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali la mama. Baba naye hakuhisi chochote, alikuwa anatania. Basi moyo ule ulikuwa wangu.

Sikumwambia mtu. Nasema wazi, niliogopa kufa, lakini niliogopa zaidi mama akijua atatukataza wote wawili, na mimi ningekuwa ndiye niliyemnyang'anya mdogo wangu ndoto yake. Nikaigeuza saa, uso wake ukawa upande wa ndani wa mkono. Kila ilipopanda nilisingizia goti, nikasingizia kichomi, nikasingizia kokoto kiatuni. Risasi alilazimika kutembea nami, anahema kwa hasira.

"Dada, wewe na kokoto zako," alikuwa akisema. "Nyumba nzima ungeshajenga."

Wivu nao ukaniingia, siwezi kuuficha. Kila jioni kocha alisoma wastani wa siku kwenye saa zetu na kutikisa kichwa. Ya Risasi ilikuwa inashuka wiki hadi wiki, mia moja thelathini na tano, mia moja ishirini na sita, kwa mwendo ule ule. "Huu ndio moyo wa mkimbiaji," alisema, mbele yangu. Yangu aliitazama, akaniambia hata kusindikiza ni kazi ya heshima. Nilirudi nyumbani nikafua mikanda yote miwili kwa nguvu kuliko ilivyohitaji.

Mwisho wa mwezi wa tatu kocha akatangaza jaribio. Kilomita tano za mwanzo tungekwenda pamoja kwa kikomo chetu, kisha Risasi angeachiwa akimbie kilomita kumi anavyoweza, bila breki, na bila mimi. Akifanya vizuri, nafasi ni yake.

Siku moja kabla ya jaribio nilishindwa kuvumilia. Nikamfuata daktari mmoja ambaye makoti yake nayafua mimi, nikamwambia moyo wangu una kasoro. Hakuniuliza maswali mengi. Alinibandika nyaya kifuani, akanipandisha kwenye mashine ya kukimbilia, akaizidisha kasi mpaka nikamwomba msamaha. Karatasi ilipotoka aliisoma mara mbili.

"Nani kakudanganya?" aliuliza. "Moyo huu ni mzima, na umefanya mazoezi. Nenda kafue makoti."

Nilitoka pale nataka kucheza barabarani. Basi saa ndiyo mbovu, nikajiambia. Miezi miwili nimejiandaa kufa kwa sababu ya saa mbovu! Sikufikiri zaidi ya hapo. Furaha nayo inapumbaza.

Asubuhi ya jaribio tulianzia kwenye geti la ghala la nafaka. Njia ilizunguka mashamba ya miti, ikapita nyuma ya kiwanda cha matofali, ikarudi getini. Kocha alikuwa juu ya pikipiki, daftari mfukoni. Zile kilomita tano tulizimaliza vizuri, Risasi kando yangu, mimi natania tangu mwanzo maana moyo ulikuwa mwepesi.

"Haya," kocha akapaza sauti. "Risasi, leo hakuna breki!"

Akafyatuka. Aliruka mbele kwa hatua zile ndefu ambazo sikuziona kwa miezi mitatu, na mimi nilijivunia, wivu na yote. Kwa mazoea tu nikageuza mkono. Saa iliandika mia moja sabini na tisa. Nikatazama tena, mia moja tisini na nne. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshasimama. Risasi akazidi kutokomea, na namba ikapotea. Vikabaki vistari viwili.

Niligonga saa. Vistari. Nikaweka kiganja kifuani, kidude kipo, kimebana, kimelowa jasho langu mwenyewe, na saa iliyo shubiri chache kutoka hapo haikioni. Niliwahi kuviona vistari vile, kila mmoja wetu alipoingia kichakani kujisaidia, tukasema saa zikichoka huwa hivyo. Sasa nilibana vidole shingoni nikahesabu. Moyo wangu ulikuwa unapiga taratibu, sawa na alivyosema daktari.

Saa haikuwa mbovu. Ilikuwa inasikiliza kidude chake, ila kidude chake kilikuwa kwenye kifua kingine.

Nikaliona lile beseni la siku ya kwanza. Alama niliitia kwenye mkanda. Kwenye kidude sikutia alama yoyote, kwa sababu kidude si nguo. Nilivibana kinyume, na kuanzia kesho yake makopo yangu mawili yakalitunza kosa hilo kwa uaminifu mkubwa. Namba zote zilizonitisha zilikuwa za Risasi. Utulivu wote aliosifiwa ulikuwa wangu. Na kokoto zangu za uongo, zile zilizomlazimisha kutembea kila moyo wake ulipoparamia, ndizo zilizokuwa zimemweka hai, na leo kocha amemwondolea hata hizo.

Niliita, lakini kocha alikuwa ameshatangulia na pikipiki kumngojea mbele. Kumkimbiza Risasi kwa nyuma ni kazi bure, hata anayemsindikiza anajua. Nikakata kushoto, nikaruka mtaro, nikaingia kiwanda cha matofali katikati ya watu wanaopanga matofali mabichi. Nilikanyaga safu nzima. Walinitukana matusi yote, nami nikaendelea. Kwa mara ya kwanza tangu nianze mazoezi nilikimbia bila kujali kikomo, nikisema kwa sauti, "Mungu wangu, asianguke, asianguke kabla sijafika."

Nilitokea nyuma ya kiwanda. Barabara ilikuwa tupu. Nikadhani amepita, kisha nikadhani ameanguka huko nyuma, na sikujua nikimbilie upande gani. Nikasimama katikati na macho kwenye vile vistari.

Akatokea kwenye kona. Uso ulikuwa wa majivu. Alipokaribia, saa ikazinduka na kuandika mia mbili na kumi na moja.

"Simama!" Nilitanua mikono. "Risasi, simama, ni moyo wako!"

"Toka njiani!"

"Vidude nilivichanganya! Saa yangu inakusoma wewe!"

"Ni wivu!" alifoka, sauti haina hewa. "Nakujua tangu zamani! Toka, dada!"

Akanikwepa. Nikamdaka fulana kwa nyuma, tukaanguka wote kwenye vumbi, akaanza kunipiga viwiko mbavuni. Kisha akaacha kunipiga. Hakuacha kwa kuniamini, bali mikono ilikuwa imelegea.

Nilimkalisha, mgongo wake kifuani pangu. Saa ilisema mia mbili na kumi na moja. Nikahesabu pumzi kumi. Mia mbili na kumi na moja. Mtu aliyekaa chini, asiyetikisa hata kidole, moyo wake haukushuka hata pigo moja. Kocha alirudi na pikipiki tayari kunigombeza, akaiona namba, akaona midomo ya Risasi ilivyopauka, akakimbilia kiwandani bila neno. Wale wale niliowakanyagia matofali ndio waliombeba mdogo wangu na kumpakia kwenye gari lao la mizigo.

Njia nzima nilishika mkono wake na kuitazama saa. Wakati mwingine alinijibu, wakati mwingine hakunijibu. Hospitalini yule daktari wangu alimchoma sindano, akasubiri, akamchoma ya pili. Namba ilikaa pale pale, kisha ikaanguka mara moja mpaka tisini na sita.

Mchana daktari alitueleza kwamba moyo wake una njia ya ziada ya umeme wa mapigo ambayo haikutakiwa kuwepo, inatibika, ila mbio za ushindani azisahau. Kocha alitoka nje na daftari lake. Mama alikuwa njiani.

Risasi alilala anatazama dari. Nilimsimulia yote tangu beseni. Nilitegemea anilaumu kwa vidude, nilikuwa nimejiandaa.

"Na wewe hukuhisi kitu?" nilimuuliza.

"Nilihisi. Kifua kilikuwa kinarukaruka kila mara. Lakini saa ilisema mia moja thelathini, nikaiamini saa." Akagusa kifua chake. "Kwa hiyo wewe ulikuwa unaona mia moja tisini, unadhani ni yako."

"Ndiyo."

"Tangu wiki ya tatu."

"Ndiyo."

"Na kila siku ukafunga kamba za viatu ukaja. Ukanitania njia nzima."

"Sikutaka mama akukataze."

Aligeuza kichwa akanitazama, na macho yalikuwa yamejaa. "Basi ungeanguka pembeni yangu, dada. Na mimi ndiye ningekwenda kumwambia mama. Hilo ndilo ulilonipangia?"

Nilinyoosha mkono nimshike. Risasi alivuta shuka, mojawapo ya yale ninayoyafua mwenyewe, akageukia ukutani.