Nyasi Mkononi mwa Caren Chepkosgei

Jumatatu, saa moja kasorobo asubuhi, Caren Chepkosgei alikuwa ameketi kwenye benchi la nje ya korti akijikata nyasi kwa mkasi wa kushonea. Zilikuwa zimeota kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto, kuzunguka kote, urefu wa vidole vitatu, mbichi na zenye umande. Alizikata pole pole asijidunge, akazitia kwenye mfuko wa unga uliokuwa mtupu. Angempelekea Marcella, mwenye nyumba wake kule Chepilat, maana Marcella alikuwa na ng'ombe wa kukamuliwa na kiangazi kilikuwa kimemaliza malisho.

Zilikuwa nyasi za segutiet. Katika harusi ya nyumbani ya Wakipsigis, bibi humfunga bwana nyasi hizo mkononi na bwana humfunga bibi, wazee wakishuhudia, na zikishafungwa zimefungwa. Baada ya siku chache hukauka na kuanguka zenyewe, ndoa ikabaki. Za Caren zilianguka miaka ishirini na miwili iliyopita. Ziliota tena mwezi wa pili mwaka huu, siku kesi yake ya talaka ilipoahirishwa mara ya kwanza kwa sababu hakimu alikuwa likizoni. Tangu hapo kila kesi ilipoahirishwa ziliota upya, ndefu kuliko mara iliyotangulia.

Karani alipita na funguo, akaangalia mkono, akaangalia sakafu.

"Mama Phelis," alimwambia Caren, akimwita kwa jina la mwanawe, "ukimaliza ufagie hapo."

Caren akafagia.

Si kwamba hakujua kungoja. Aliishi na mume wake Kipngetich kule Kiptere miaka yote hiyo akingoja abadilike, na Kipngetich hakubadilika ila kwa fimbo tu. Alianza na ufito akamalizia na mpini wa jembe. Mara ya pili alipomvunja mfupa wa bega, Caren alitoka na kikapu cha kuchumia majani chai na ule mkasi, akaenda kuchuma chai kwa kibarua Chepilat. Alikuwa amechoka na alikuwa na hofu, na hakuona haya kusema yote mawili.

Alichotaka sasa kilikuwa pembe moja ya shamba la marehemu baba yake kule Sigor, chini karibu na mto. Baba alikuwa ameitaja kwa mdomo wake mwenyewe kuwa ni ya Caren. Kaka yake Kipkurui hakubisha hata kidogo.

"Dada, mimi sikatai," alimwambia. "Lakini bibi ya mtu hapewi shamba kwao. Leta karatasi ya korti inasema umerudi kabisa. Na ulete kabla vijana watoke menjo Desemba. Wakitoka huko tohara wamekuwa wanaume, na kila mmoja atataka pahali pa kujenga."

Kipkurui alikuwa na wana watatu huko menjo, kwenye kibanda cha vijana wa tohara, mwaka huo, na shamba halikuwa mpira wa kuvutwa.

Kwa hiyo Caren alikuwa na haraka, na alimwambia hivyo wakili wake, Moureen Orina, binti mpole aliyekuwa na ofisi juu ya duka la mbolea. Wakili alifurahi kupata mtu mwenye haraka.

"Mama, hizi kesi watu wenyewe ndio wanazichelewesha," alisema. "Wanakuja bila cheti. Wanagombania sufuria. Hawajui hata huyo mtu anaishi wapi. Wewe leta karatasi zote mara moja, ufike mapema, na usigombanie kitu."

Caren alileta cheti cha kanisa na nakala tatu. Hakudai sufuria wala ng'ombe. Siku ya kupeleka samansi, yeye mwenyewe alimwongoza mpelekaji hadi Kiptere, hadi kwenye mstari wa chai aliokuwamo Kipngetich, akamnyooshea kidole. Kipngetich aliendelea kuchuma. Alisema kuna Kipngetich wengi Kericho, huenda anatafutwa mwingine. Mpelekaji akaandika kwamba mhusika hakupatikana, na kesi ikaahirishwa.

Mwezi wa nne faili ilipotea. Mwezi wa tano ilipatikana, lakini wakati huo hakimu alikuwa amehamishwa. Mwezi wa sita hakimu mpya alifika, stima ikapotea. Karani alimpa Caren tarehe nyingine kwa upole. "Kawia ufike, mama," alimwambia. Methali hiyo ni tamu sana kinywani mwa mtu ambaye tayari amefika.

Mwezi wa saba Kipngetich alikuja mwenyewe, amevaa koti la harusi, akasimama wima.

"Mheshimiwa, huyu mama amedanganya korti. Anasema tulioana kanisa. Ni kweli, asubuhi. Lakini jioni tulifungwa segutiet nyumbani kwa baba yake. Hiyo hajaandika."

Wakili Orina alimgeukia Caren. Caren akamwambia kwa sauti ya chini kwamba aliambiwa alete vitu vyenye karatasi, na nyasi hazina karatasi. Ndivyo alivyofikiri, na wanawake wengi wa kwao wangefikiri vivyo hivyo. Kile kilichofungwa mbele ya wazee hakikuwa jambo la kuandikia serikali.

Hakimu aliwaomba wote wawili wainue mikono ya kushoto. Mkono wa Caren ulikuwa na nyasi za shubiri nzima. Wa Kipngetich ulikuwa laini, una saa tu. Hakimu aliandika: mlalamikaji ana nyasi, mlalamikiwa hana. Kisha akaamuru kwamba, kwa vile nyasi hizo sasa ni kielelezo mbele ya korti, zisikatwe, zisinyolewe wala kulishwa mifugo hadi kesi iishe. Mzee aliyeshuhudia harusi aitwe aeleze mila.

Hapo ndipo Caren alipoanza kuumia kazini. Mchumaji hutumia mikono miwili, majani mawili na chipukizi, tupa kikapuni, songa mbele. Sasa kila alipotupa majani na nyasi nazo ziliingia. Kwenye senta ya kununulia majani, karani alimwaga kikapu chake juu ya meza, akachambua, akapata nyasi.

"Hii ni chakula ya ng'ombe, mama. Kiwanda haitaki."

Caren alimwonyesha mkono. Karani alisema anaona, lakini majani machafu ni majani machafu, akamrudishia kikapu. Wenye mashamba wakaacha kumwita. Marcella alimwacha akae chumbani bila maneno, ila alikuwa akiziangalia zile nyasi kisha anamwangalia ng'ombe wake, na kuguna.

"Mama Phelis, hata kidogo tu? Nani ataona?"

"Korti imekataza."

"Aii. Korti haina ng'ombe."

Mwezi wa nane mzee wa mila hakuja, alikuwa na shughuli za kuwaandaa vijana wa tohara. Mwezi wa tisa hakuja, mvua ilikata barabara. Mwezi wa kumi alikuja, akaapishwa, akaulizwa kama segutiet inaweza kufunguliwa.

"Haifunguliwi," alisema mzee. "Hata mtu akifa, haifunguliwi. Bibi anabaki wake."

"Na mbona imeota kwa mama peke yake?" aliuliza Wakili Orina.

Mzee alishangaa swali, si nyasi. "Ya mwanaume haioti," alijibu, akaomba ruhusa aende kwa sababu alikuwa ameacha mbuzi njiani.

Mwanzoni mwa Novemba hakimu alitoa hukumu. Ndoa ya kanisa ilikuwa imevunjika, na talaka ingekamilika baada ya siku thelathini, kama sheria inavyotaka, iwapo hapangekuwa na pingamizi. Kuhusu nyasi, korti haikuwa na mamlaka juu ya mimea. Kielelezo kingerudishwa kwa mwenyewe siku thelathini zikiisha.

Siku thelathini! Caren alizihesabu kwa vidole, akaona zinaishia kabla ya menjo kufunguliwa, akacheka peke yake barabarani kama msichana. Alimpigia Kipkurui simu. Kipkurui alisema sawa, alete tu. Nyasi nazo hazikungoja tena kuahirishwa. Katika siku hizo ziliongezeka kila kukicha, ndefu na ngumu, hata Caren akawa anazizungusha mkononi kama uzi wa sufu ndipo apate kupika.

Siku ya ishirini na sita pikipiki iliteleza kwenye tope karibu na Kiptere, na Kipngetich, aliyekuwa amebebwa nyuma, akafa.

Wakwe walikuja Chepilat mchana, wanawake wanne na mzee mmoja, wakamkuta Caren akiosha vyombo. Hawakumgombeza. Walimwambia avae nguo nyeusi, mume wake anazikwa Ijumaa. Kwenye kijitabu cha mazishi waliandika kwamba marehemu ameacha mke mpendwa, Caren. Waliouosha mwili walikuta mkono wake wa kushoto laini vile vile. Mpiga picha alimwomba mjane anyanyue nyasi kidogo, zilikuwa zinaficha jeneza.

Siku ya thelathini Caren alifika kortini saa moja kasorobo. Karani alimpa pole kwanza, kisha karatasi yenye mhuri. Kesi ilikuwa imefungwa. Hakukuwa na talaka, kwa kuwa ndoa ilikuwa imemalizwa na kifo.

"Na kielelezo?"

"Enda nacho tu, mama. Ni chako."

Hakwenda kwanza kuzikata nyasi. Alikwenda Sigor moja kwa moja, akiwa na tumaini dogo alilolionea aibu. Alimkuta Kipkurui chini karibu na mto pamoja na wazee wawili wa jirani, wakipima. Vijana wangetoka wiki iliyofuata.

Kipkurui alisoma karatasi yote, akairudia.

"Pole sana, dada," alisema, na pole yake ilikuwa ya kweli. "Lakini hii inasema wewe ni mjane. Mjane ana kwao, na kwenu ni Kiptere. Ungeniletea ile ya talaka ningekuonyesha mpaka wako leo hii."

"Zilibaki siku nne, Kipkurui."

"Nimesikia."

Caren alitaka kulia, machozi hayakuja. Alitaka kumtukana, akakosa tusi linalomfaa mtu ambaye hakuwa amevunja neno lake. Mmoja wa wazee alivuta kamba kutoka kwenye mti wa mpaka. Haikufika mtoni. Ilipungua hatua mbili.

Kipkurui aliangalia huku na huku, kisha akauangalia mkono wa dada yake.

"Kwa vile umekuja, tusaidie," alisema.

Akazikunjua nyasi, akaiunga ncha ya kamba nazo ili zifidie zile hatua mbili, akavuta kujaribu, hazikukatika. Alimwonyesha Caren pa kusimama, pale maji yanapoanza, akamwambia anyooshe mkono na asisogee hadi wapigilie vigingi. Caren akasimama, akanyoosha mkono, na wakaanza na kigingi cha kwanza.