Misemo ya Waingereza Wenye Migomba

Kwa heshima na taadhima ninatangaza kwamba Desemba ya mwaka 1986 Kaisho nzima ilikuwa na mtaalamu mmoja tu wa misemo ya Kiingereza, naye ni mimi, Rweyemamu, kidato cha pili, shule ya bweni. Utaalamu wangu ulikuwa misemo mitatu.

Mwanafunzi wangu alikuwa Deodatha, binti wa mama mkubwa, aliyenizidi miaka minne. Alikuwa ameitwa kwenye usaili wa kozi ya uuguzi katika hospitali ya misheni. Nafasi ilikuwa moja, na msaili alikuwa Sista Mwingereza ambaye, walisema, hazungumzi bila kutia msemo. Tukapatana: kila nikimfundisha msemo mmoja, yeye ananichotea maji bondeni.

Siku ya kwanza nikamfundisha kwamba Mwingereza akisema mtu amepiga ndoo teke, ana maana amekufa.

"Hospitalini huo nitautumia sana," akasema, akaandika.

Siku ya pili, mvua ya paka na mbwa: mvua kubwa. Siku ya tatu, kumwaga maharage: kutoa siri.

Akainua kalamu. "Kumbe na wao wana maharage?"

"Tele, dada."

Hapo ndipo shetani aliponipitia. Hazina yangu ilikuwa imekwisha, na bonde lilikuwa palepale. Nikawaza kwa akili zangu zote: penye maharage hapakosi migomba. Nani apande maharage peke yake, kama mwendawazimu? Kuanzia siku ya nne nikawa natunga mwenyewe, kisha naitia katika Kiingereza kwa msaada wa kamusi. Mgomba wenye mkungu hauachwi bila nguzo: mwenye mzigo asaidiwe. Anayekwepa kumenya atakula na maganda: mvivu hujidhuru. Ndizi ya shimoni, iliyofukiwa ili iive, haifunuliwi kabla ya siku yake: subira.

Deodatha aliikariri yote. Alisema Waingereza wana busara, tena wanafanana sana na bibi.

Jumatatu akaenda kwenye usaili. Jioni alitukuta jikoni, mimi na mama, tukimenya ndizi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Profesa."

Mama akaacha kumenya.

"Sista aliniuliza, mgonjwa asiyetaka kungoja zamu nitamwambia nini," Deodatha akaanza. "Nikamjibu: kama mnavyosema kwenu Uingereza, ndizi ya shimoni haifunuliwi kabla ya siku yake. Akavua miwani. Akasema amezaliwa huko, amekulia huko, na hajapata kuona mgomba hata mmoja shambani kwa mtu."

"Ukasemaje?" mama akauliza.

"Nikampa pole, mama mdogo. Nilidhani migomba yao imekufa kwa ugonjwa."

Nilitaka kucheka. Nikatazama ndizi yangu.

"Akaomba daftari, akasoma, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema nafasi bado ipo. Nirudi Alhamisi na misemo mitano ya kweli. Nikikosea tena, anapewa mwingine." Akaniwekea daftari magotini, na kalamu juu yake. "Futa ya uongo."

Kumwambia kwamba kumi kati ya misemo ile ni ya kweli ningeweza. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini alikuwa anavua viatu vya kuazima, na visigino vyote viwili vilikuwa vimechubuka hadi damu.

Nikafuta. Kazi hiyo ilichukua muda. Nilipomrudishia daftari, akahesabu kwa kidole.

"Mitatu. Na miwili mingine?"

"Siijui, dada. Mwalimu alifundisha mingi. Mimi nilikuwa nyuma ya darasa, namfunga mwenzangu Twagirayezu kamba za viatu kwenye mguu wa dawati."

Mama akafuta utomvu kwenye kisu, taratibu. "Na ripoti yako ya shule, unayosema posta wanaichelewesha?"

"Iko chini ya godoro, mama. Kiingereza nimepata F." Nikamgeukia Deodatha. "Na huo wa paka na mbwa, dada, sina hakika nao."