Tundu la Tisa

Jumatatu nilimaliza kupanga swichi ya kituo chetu cha afya, nje kidogo ya Griftu. Swichi ni kisanduku ambamo nyaya zote za mtandao hukutana, kila waya kwenye tundu lake. Laini yetu ya kwenda Wajir ni nyembamba, vitu vyote haviwezi kupita kwa pamoja, kwa hiyo fundi huamua kipi kitangulie. Hayo nilijifunza katika masomo ya jioni mjini Garissa nikiwa na miaka arobaini na sita, na nilifaulu.

Simu za mezani niliziweka mbele, kama nilivyofundishwa. Zikafuata ripoti za ofisi. Tundu la tisa, lenye waifai ya simu za mkononi, nililiweka mwisho, maana wafanyakazi walikuwa wakitazama mpira humo.

Nasteha, mkunga wetu, ambaye huniita adeer, yaani ami kwa Kisomali, alicheka. "Adeer Mureithi, simu ya mezani nani anaishika hapa? Hata namba yake hatujui."

"Mtaijua," nilimjibu.

Jumanne saa nne asubuhi, Kulow, mfugaji wa ngamia, alimleta mkewe Sirad kwa pikapu. Kichwa cha mtoto kilitoka, mabega yakakwama. Nasteha akampigia video Daktari Aketch aliyeko Wajir, simu yake ya mkononi ameiegemeza kwenye ndoo. Mimi nilikuwa nje ya mlango. Sauti ya daktari ilikuja vipande vipande.

"Mko... nyu... usi..."

"Magoti ya mama nimeshayainua, daktari! Hatoki! Sema tena!"

"Taratib... ko..."

"Adeer! Mtandao wako!"

"Tumia simu ya mezani," nilisema. Ndivyo nilivyosema.

"Iko ofisini! Mikono yangu iko ndani ya mtu!"

Nilikwenda ofisini. Morris, karani, alikuwa akituma ripoti za mwezi.

"Mzee, umefanya kazi," aliniambia. "Leo zinaenda kama maji."

Nilikaa kwenye kompyuta. Neno la siri nililikosea mara mbili. Kisha nikalitoa tundu la tisa mwishoni, nikaliweka mbele ya yote. Saa ya ukutani ilionyesha dakika sita zimepita tangu Nasteha aniite.

Niliporudi, daktari alisikika kama yuko chumbani. "Mkono wa nyuma. Ushike. Vuta taratibu." Mtoto akatoka. Alikuwa wa kiume. Hakulia. Nasteha alimpulizia hewa kwa muda mrefu, kisha akaacha. Sirad alikuwa hai.

Kulow alinikuta kwenye benchi la nje. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Fundi, nimeona. Wewe umeingia ofisi, daktari amesikika. Mke wangu amebaki. Allah akulipe."

Ningeweza kuitikia amina. Nilisubiri nione kama nitasikia kitu chochote moyoni. Sikusikia.

"Ni mimi niliyemweka daktari mwisho," nikasema.

"Mwisho wa nini?"

"Wa foleni. Ndani ya mtandao kuna foleni."

Alifikiri. "Nani alikuwa mbele yake?"

"Simu za mezani."

"Nani alikuwa anapiga?"

"Hakuna mtu. Kisha zikafuata ripoti za ofisi."

"Ripoti."

"Ndiyo."

Aliachia mkono wangu, polepole, bila hasira niliyoweza kuiona. Aliuliza kama ndani ya kituo kuna kitambaa cheupe, kipya. Nikamwambia amwulize Nasteha. Akavua viatu, akaingia.