Watoto: Hakuna

Bi Khole aliisoma hati ya mashtaka kwa sauti, herufi kwa herufi, kidole kikifuata mstari, na hakuelewa hata neno moja la alichoshitakiwa. Wanawake wa umri wake walijifunza Kiarabu cha msahafu katika vyuo vya Unguja; wanatamka vizuri kuliko mimi, lakini maana walimwachia Mungu. Hati ile haikuwa na irabu, kwa hiyo akawa anajikwaa, anarudi nyuma, anajikwaa tena. Nilimwacha amalize kwa sababu sikutaka kuwa wa kwanza kumwambia.

Naitwa Hamdiya. Mwaka huo, 2005, nilikuwa karani na mkalimani katika ofisi ya wakili Muhanna huku Uarabuni, mtaa wa Ruwi, juu ya duka la vitambaa. Ustadh Muhanna alikuwa Mwarabu wa milimani huko ndani, na Kiswahili chake kiliishia kwenye "karibu". Wazee wetu waliorudi kutoka Zanzibar walikuja kwake kwa sababu yangu, na mimi, niseme kweli, nilikuwa nimewachoka. Wanakuja na mfuko wa plastiki uliojaa karatasi, unamuuliza mtu ameletewa barua lini, anaanza kukuhadithia harusi ya mama yake. Bi Khole naye alikuja na mfuko. Sandali zake alizivua mlangoni, akaingia peku kama anaingia msikitini.

Nikamweleza mashtaka kwa Kiswahili. Kwamba mwaka 1997 aliomba posho ya dhamana ya jamii, ile serikali inayowapa wajane na wasio na mtu wa kuwatunza. Kwamba kwenye fomu, mahali pa watoto, iliandikwa "hakuna", na chini yake alama ya kidole gumba chake. Kwamba kumbe ana mtoto wa kiume, Msellem, mkuu wa kitengo katika wizara moja, mwenye nyumba yake Azaiba. Zilipokuja kadi mpya za kitambulisho, kompyuta zilikutanisha majina, na jina la mama wa Msellem likaonekana kuwa ndilo la mjane asiye na mtoto. Hapo ukaitwa udanganyifu. Anaweza kufungwa, na posho yote ya miaka minane irudishwe.

Akauliza kama na dawa za macho alizozinunua kwa posho hiyo zitarudishwa. Nikamwambia hapana, fedha tu.

Ustadh alikuwa ameichukua kesi bure, kwa thawabu, na alikuwa na haraka kidogo lakini si kwa ubaya. Akaniambia nimuulize kwa nini alisema hana mtoto. Kuna sababu, alisema, na utetezi wetu utatoka humo.

Bi Khole akajifunika vizuri kwa buibui lake na kuanza. Siku ile ya fomu Msellem alikuwa amemuahidi kumpeleka hospitali. Tangu afiwe na mumewe alikuwa akila kwa kushona kofia, na sasa macho hayaoni tundu la sindano. Alikaa kizingitini kwake, Hail, toka baada ya Alfajiri mpaka Adhuhuri, amevaa, amejitia udi. Msellem hakuja wala hakupiga simu. Jirani yake, Bi Muhsina, alikuwa anakwenda ofisi ya posho kwa mambo yake, akamuonea huruma, akamwambia twende wote. Afisa akamuuliza kama ana watoto.

"Nikasema sina," aliniambia. "Nilikuwa na hasira."

Nikatafsiri. Ustadh akaandika. Ilikuwa sababu nzuri. Mwanamke anayeachwa na mwanawe anaweza kusema hivyo, na jaji naye ana mama. Nilidhani tumemaliza, lakini Bi Khole hakuwa amemaliza. Alishusha sauti, ingawa mle ndani Kiswahili tulikijua sisi wawili tu.

"Lakini mwanangu, ile hasira ilinitoa kweli. Msellem sikumzaa mie. Nilimnyonyesha."

Akanihadithia. Mwaka 1961 alizaa mtoto wa kike, na mtoto hakufika arubaini. Wiki hiyohiyo jirani yao alikufa kwa uzazi, akaacha kichanga. Baba wa kichanga alikuwa hamali wa bandarini, mtu aliyetoka bara kutafuta kazi, hana ndugu hapo mjini. Maziwa ya Bi Khole yalikuwa yanamwagika ovyo kifuani. Wakamletea mtoto kwenye kanga, naye akamshika. Yule hamali alikuja siku mbili tatu kumtazama, mara ya mwisho akaacha shilingi chini ya mkeka akaondoka, na hakuonekana tena. Ilipofika mwaka 1972 na watu wetu wakawa wanarudi huku, mtu bila nasaba ya kabila lake hakuwa na paspoti. Mumewe akamwandikisha mtoto kuwa ni wake wa kumzaa. Shekhe wa kabila akashuhudia, akiamini ni kweli, na mtoto wa hamali akawa Msellem na babu saba nyuma yake.

"Mwenyewe hajui," alisema. "Na hatojua."

Ustadh aliinua kalamu. "Amesema nini?"

Sijui kama nitaweza kueleza vizuri. Mtoto wa ziwa, kwa sharia, ni maharimu wako tu, mtu msiyeweza kuoana. Harithi, habebi jina, wala halazimiki kukulisha. Kwa hiyo fomu ile ilikuwa sahihi. Mwanamke alikuwa ameulizwa swali na serikali, akajibu kweli tupu, pengine mara ya kwanza katika miaka thelathini na sita, na kwa kweli hiyo ndiyo anashitakiwa. Mbele yangu alikuwa amekaa wakili mwerevu, kalamu mkononi, anangoja sentensi moja. Ningemwambia, kesi ingekwisha. Kosa la kuandikisha lilikuwa la mume, na mume yuko kaburini.

Bi Khole alinishika kifundo cha mkono. Mkono wake ulikuwa baridi.

"Hiyo ni amana," alisema. "Nimeitua kwako wewe tu, maana lazima mtu mmoja ajue kuwa mie si mwongo."

"Anasema," nikamwambia Ustadh, "alikuwa na hasira sana."

Ustadh alipokwenda kuswali Adhuhuri niligombana na Bi Khole. Nilimwambia mambo ambayo hayasemwi kwa mtu mzima. Kwamba anakwenda jela kwa ajili ya mtu anayemletea sahani ya halwa Idi mbili kwa mwaka, bila hata kuizima injini ya gari. Kwamba mwanawe huyo huona haya kuzungumza Kiswahili mbele ya wakwe zake. Kwamba asante ya punda ni mateke, na yeye yameshampata usoni.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama nawajua watu wa Balqees, mke wa Msellem. Nikasema nawasikia. Akasema baba yake Balqees alichunguza nasaba miezi minne kabla ya kutoa binti. Akiisema siri, alisema, ndoa hiyo haitolala hata usiku mmoja. Kazi itakwenda, paspoti itakwenda, na watoto watatu wataamka asubuhi hawana babu.

"Halafu mie nibaki na posho, nile," alisema. "Na kumkasirikia ni haki yangu mie, si yako."

Watu husema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na nimeyasikia maneno hayo kwenye kila harusi ya mji huu. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anayehusika na nusu ya pili tu.

Ilibaki njia moja. Ustadh alitaka Msellem aje mahakamani aseme kwamba mama yake hakuwa akipata kitu kutoka kwake. Jaji angeona mwanamke mhitaji aliyekosea kwa neno moja, si mwizi. Pengine asingemfuta kwenye posho, pengine asingedai za nyuma. Tukaenda Azaiba, Ustadh na mimi, jioni ya Jumatano.

Msellem alitupokea vizuri. Kanzu imenyooka, kilemba kimefungwa kwa mpango, ghahawa inamiminwa. Aliniamkia kwa Kiarabu, nami nikajibu kwa Kiswahili makusudi, akacheka kidogo na kuendelea na Kiarabu chake. Aliuliza kama kikao ni cha hadhara. Aliuliza kama wizarani kwake watapata habari. Kuna cheo cha mkuu wa idara alichokuwa anakingoja. Mtu atamtazamaje mkuu wa idara ambaye mama yake anakula sadaka ya serikali? Ustadh alimjibu kwa upole kwamba mama yake huenda akafungwa. Msellem akaangalia zulia, akasema inshallah atakuja na atasema kweli.

Nilimchukia. Nilikaa pale na ile sentensi mdomoni, sentensi ya kumtoa kwenye busati lake, na kilichonizuia ni ule mkono wa baridi. Nikatikisa finjani kuonyesha imetosha, nikainuka.

Mahakamani hawakuwa na mkalimani wa Kiswahili siku hiyo, na Kiarabu cha Bi Khole kilikuwa cha kununulia samaki, hakikutosha kujitetea. Jaji akakubali niwe mimi. Akaniapisha. Niliweka mkono juu ya msahafu nikaapa nitatafsiri kila linalosemwa mbele yake, bila kuongeza wala kupunguza. Bi Khole alinitazama nikiapa, na nadhani aliingiwa na hofu kwamba nitamsaliti.

Msellem alikuja na baba mkwe wake, mzee wa ndevu nyeupe na bakora, aliyekaa safu ya mbele. Hapo hapo nilijua tumeshindwa. Sikumwambia Ustadh. Angefanya nini?

Wakamwapisha Msellem. Jaji akamuuliza mwanamke huyu ni nani kwake.

"Huyu ni mama yangu mzazi," alisema.

Akaulizwa kama alikuwa akimtunza. Akasema kila mwezi, mkono kwa mkono, tangu alipoanza kazi. Aliyasema bila kutikisika, macho yakiwa kwa mkwewe. Kuhusu posho akasema hakuwa na habari nayo, huenda ni uzee, wazee hupotoshwa na majirani. Ustadh aliruka kumuuliza ushahidi uko wapi, risiti ya benki, chochote. Msellem akamtazama kwa masikitiko na kuuliza kama kuna mtu anayemdai mama yake risiti. Watu nyuma wakaguna kumuunga mkono. Mzee wa bakora akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Jaji akamgeukia Bi Khole. Aliuliza, bila ukali, kama aliyoyasema mwanawe ni ya kweli. Nikamtafsiria. Nilitafsiri polepole zaidi kuliko ilivyohitajika, nikampa nafasi, na kwa macho nilimwomba. Sema hakukupa. Hilo tu, na lile jingine libaki. Ustadh naye alikuwa amemwinamia kwa mbele, mikono miwili juu ya meza.

Yeye hakunitazama. Alimtazama Msellem, aliyekuwa anafuta jasho juu ya mdomo kwa kidole, na ambaye Kiswahili alikielewa sawasawa na mimi. Alielewa swali na alikuwa anangoja jibu kama sisi sote.

"Mwambie jaji ni kweli," alisema Bi Khole. "Mwanangu hakuniacha hata siku moja."

Kiapo changu kilikuwa cha kutafsiri yaliyosemwa. Ofisini, ambako sikuapa, nilificha kweli. Na hapa, mkono wangu ukiwa bado una joto la msahafu, nikausema uongo wote kwa Kiarabu safi, neno kwa neno. Ustadh Muhanna akafunga faili. Alidhani amedanganywa na mteja wake toka mwanzo, na mpaka leo anadhani hivyo, kwa sababu sijamwambia.

Hukumu ilikuja baada ya wiki mbili: miezi sita ya kifungo, ambacho hatakitumikia kwa sababu ya umri wake, jina lifutwe kwenye posho, na fedha zote zirudi. Nyumba ya Hail iliuzwa kulipia deni hilo. Alihamia chumba cha uani kwa Bi Muhsina, na hapo alikaa mpaka macho yalipozima kabisa. Nilikuwa nikimpelekea chakula Ijumaa. Hata hayo hayanirudii sana. Kinachonirudia ni siku ile ya ushahidi, tulipotoka nje.

Tulisimama chini ya ukuta wa mahakama kutafuta kivuli. Msellem alipita na mkwewe. Alipunguza mwendo, nikadhani atakuja, lakini yule mzee alikuwa ameshamfungulia mlango wa gari. Wakaondoka. Nikamweka Bi Khole kwenye gari yangu, nikamfunga mkanda kwa sababu alikuwa haoni pa kuuchomeka, nikaendesha nikiwa nalia kwa hasira, sikumficha.

Tukafika njia ya kuingilia Azaiba. Hapo akageuza uso dirishani, upande huo, ingawa hakuna alichokuwa anakiona zaidi ya mwanga.

"Kasema mama yangu mzazi," aliniambia. "Mbele ya watu wote wale. Umemsikia?"

Nikamwambia nimemsikia.