Kompyuta Iliyoombewa

Jumanne, tarehe 9 Juni. Asubuhi kulikuwa na mawingu mazito na manyunyu mepesi, yale yanayokulowanisha kichwa bila kukupa sababu ya kufungua mwavuli. Nilisali kabla ya kupambazuka, nikapaka mikono dawa, kisha nikafungua kompyuta yangu na kukuta mwiba wa samaki umelala katikati ya vibonye vya herufi.

Mimi ni mfuaji wa hospitali. Kazi yangu ni mashuka ya wodini. Nimeshika damu, matapishi, usaha na vingine ambavyo sitaviandika, na sikuwahi kukunja pua mbele ya shuka la mgonjwa, kwa kuwa mgonjwa hakupenda. Lakini ule mwiba ulinitia kinyaa mpaka nikakaa chini. Ulikuwa umezama katika mafuta yaliyoganda, na pembeni yake pameachwa alama ya kidole gumba. Nilikijua kile kidole. Kilikuwa cha shemeji.

Shemeji ni mume wa mdogo wangu. Wanakaa katika chumba changu cha uani tangu paa lao lianze kuvuja, na paa lile sasa nadhani limeshaota nyasi. Mtaani wanamwita Mtaalamu. Jina hilo alijipa mwenyewe, kisha akavumilia mpaka watu wakalizoea. Redio ikikwaruza, ataitwa. Simu ikizima, ataitwa. Na akiitwa, kabla ya kushika bisibisi, huweka kiganja juu ya kifaa, hufumba macho na kuomba kwa sauti inayofika nyumba ya jirani.

Kompyuta yangu alikuwa ameiombea mara nyingi kuliko alivyomwombea mke wake.

Ilikuwa hivi. Ngozi ya mikono yangu imechoka na dawa za kufulia. Inapasuka, inatoa maji, na daktari wa ngozi ameniambia wazi kwamba nikiendelea kuichovya mikono hiyo kwenye madebe, sitakuwa na cha kupasuka tena. Hospitali inataka mtu wa stoo ya nguo, na wa stoo lazima awe na cheti cha kompyuta. Ndiyo maana, katika umri ambao wenzangu wanafundisha wajukuu kusoma, mimi nilijiandikisha masomo ya jioni. Tunafundishwa kwa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa sababu ni wa bure, na kila mwanafunzi hufanya mtihani kwa mashine yake mwenyewe. Sharti ni moja: unafanya kazi kipindi kizima bila kuizima, kisha unaeleza ulichofanya.

Mara ya kwanza sikufika nusu. Mshale ulianza kusuasua, ukaganda, vidirisha vyote vikatoweka, skrini ikawa nyeusi, halafu ikanirudisha pale pa kuandika neno la siri, kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana. Kazi yote ikaenda na maji. Mwalimu, ambaye ni binti wa umri wa mwanangu, hakunifelisha kwa ubaya. Alisema, "Mama, stoo ikizimika hivi huku nesi anangoja mashuka, utamwambia nini?" Akanipa nafasi ya pili, Ijumaa ya wiki hii. Nikianguka tena, ni mpaka darasa jipya mwakani, na mikono haina mwaka.

Shemeji aliposikia hayo aliongeza bidii. Kila kompyuta ilipoanguka, alikuja na kiganja chake, wakati mwingine bado anatafuna, akakibandika juu ya kifuniko. Aliomba, akakemea, akanirushia mate kidogo. Kisha akasema, "Sasa zima. Washa." Nami nazima, nawasha, na mashine inakwenda laini kama imetoka dukani. Mdogo wangu anasema amina. Nami nilisema amina, maana sala haina mwenyewe. Ilipofika mchana, mashine iliugua upya, na shemeji akaeleza kwamba imani ya nyumba yetu ina nyufa.

Jumanne hiyo jioni nilimweleza mwalimu yote, pamoja na maombi. Hakucheka. Wenzangu wawili, dereva mstaafu wa malori na mkunga wa zahanati, walisogeza viti.

"Leo usiizime," mwalimu akasema. "Iache iugue mbele yetu, tuone inaumwa wapi."

Akanifungulia kidirisha cheusi cha kuandikia amri. Nikaandika neno alilonitajia, ikatokea orodha ya programu zote zilizokuwa zinafanya kazi, ile inayotumia kumbukumbu nyingi ikiwa juu. Kumbukumbu hiyo, alieleza, ni kama meza ya kufanyia kazi. Kila programu hutandaza vitu vyake juu yake, na ikimaliza inapaswa kuviondoa. Meza ikijaa, mfumo hutafuta wa kumtupa nje ili upumue.

Juu kabisa ya orodha hakukuwa na programu yoyote niliyoifungua. Lilikuwepo eneokazi lenyewe, yaani ile sehemu inayochora skrini, aikoni na vidirisha. Tulikaa mikono mapajani, hakuna aliyegusa kitu, na namba yake ikawa inapanda. Ilipanda, ikapumzika, ikapanda tena.

"Inakula bila kuambiwa karibu," dereva akasema. "Dada, hii si mashine, hii ni shemeji yako."

"Shemeji yake angalau anasali kabla ya kula," mkunga akajibu.

"Huyu naye kaombewa."

Nilicheka nao. Mwalimu akafungua taarifa za mfumo, ambamo mashine huandika yaliyoipata, akanionyesha mistari ya siku niliyofeli. Iliandikwa bayana kwamba kumbukumbu iliisha, na mfumo ukaliua eneokazi ili ujiokoe.

"Ukizima na kuwasha, meza inafutwa, inaanza tupu," akasema. "Ndiyo maana inakuwa nzima kwa muda. Lakini mchafuaji bado yumo. Eneokazi halili hivi lenyewe, kuna kitu kimening'inizwa juu yake. Nenda nyumbani, zima nyongeza, yaani vijiprogramu vilivyoongezwa, moja moja, subiri, tazama namba. Usiguse mbili kwa pamoja, hutajua ni ipi."

Njiani niliyarudia maneno yake. Kuzima na kuwasha. Basi, ule muujiza ulikuwa kuzima na kuwasha.

Jumatano nilitoka kazini mchana, nikaifuta kompyuta kwa kitambaa chenye spiriti mpaka kikawa cheusi, nikaanza. Nyongeza hazikuwa nyingi. Nilizima moja, nikasubiri, namba ikaendelea kupanda. Nikairudisha, nikazima nyingine. Kazi ya kutoa doa ni hivyohivyo. Ukimwaga dawa zote kwa pamoja unaweza kutoboa shuka na doa likabaki. Hatimaye nikafika kwenye saa.

Ilikuwa saa ya pambo, kwenye kona ya skrini. Nyuma yake maporomoko ya maji yanamwagika, na kila baada ya muda linatokea neno la kumsifu Mungu pamoja na picha mpya. Niliipenda. Niliikuta siku moja shemeji aliponirudishia kompyuta aliyoiazima, nikamshukuru. Nilipoizima, namba ilisimama. Nilikunywa chai yote na namba haikusogea. Nikaiwasha, ikapanda. Nikaizima, ikatulia. Kila picha iliyopita haikutupwa. Iliachwa mezani, na inayofuata ikawekwa juu yake.

Mdogo wangu aliingia na taulo za kukunja, akachungulia.

"Kumbe bado unayo hiyo saa?" akasema. "Yeye kwake aliitoa zamani. Alisema inagandisha."

"Aliitoa lini?"

"Siku ileile aliyokuwekea wewe. Alisema dada anapenda maneno ya Mungu, ataifurahia."

"Kwa hiyo aliniwekea akijua inagandisha."

Alikunja taulo moja, akaikunjua, akaikunja tena. "Dada, usimwambie ni mimi niliyesema."

Sitasema nilikasirika. Hasira nina namna ya kuiombea, nayo hupungua. Hiki kilikuwa kinyaa kilekile cha mwiba. Niliona kile kiganja, yale macho yaliyofumbwa, ile sauti ikitetemeka kwa machozi ya kujilazimisha. Niliwaona majirani wakipanga mstari na simu zao kwenye ua wangu. Nikakumbuka kwamba nami nilisema amina, mdomo huuhuu.

Wakati wa chakula cha jioni nilimuuliza mbele ya sahani yake.

"Shemeji, ile saa ulijua ina kasoro?"

Hakushtuka. Alifyonza mfupa kwanza. "Tuseme nilijua kidogo."

"Ukanyamaza, ukawa unaiombea."

"Nilipoomba, haikuwaka?"

"Iliwaka kwa sababu tuliizima."

"Na nani alisema izimwe?" Alijilamba kidole gumba, kisha cha shahada. "Mimi. Nilisukumwa rohoni."

Nilisogeza sahani yangu. Chakula chote kilikuwa kimeanza kunuka kama chumba cha kufulia siku ya Jumatatu.

"Sikiliza, shemeji," akaendelea kwa upole, na upole wake ndio ulionichefua zaidi. "Ijumaa nakuja na majirani kukupongeza. Nimeshawaambia mashine yako imepona kwa maombi. Ukisimama pale useme mambo ya saa, watu watasema nini juu ya sala? Wewe mwenyewe mtu wa sala. Utamwaibisha nani?"

Hilo lilinipata. Niliingia chumbani, nikapiga magoti, nikakaa hapo muda mrefu nikijiuliza kama kweli nitamwaibisha Mungu mbele ya watu. Sikusikia sauti wala sikuota ndoto. Nilichowaza ni mashuka tu. Kila asubuhi nawaombea wagonjwa kabla ya kufua, na kisha nafua. Sijawahi kumpelekea nesi shuka lenye damu nikamwambia limeshaombewa.

Ijumaa darasa lilijaa. Ndugu huruhusiwa kukaa benchi la nyuma, na shemeji alilijaza yeye na watu wake, akiwa amevaa shati la sherehe. Mdogo wangu alikaa pembeni, macho kwenye viatu. Mtahini, mzee mwembamba asiye na haraka, alivuta kiti karibu yangu.

Nilifungua jedwali la stoo: mashuka yaliyopokelewa, yenye madoa, yaliyochanika, yaliyotoka. Nilijumlisha, nikapanga, nikatafuta, nikachapa. Mikono iliniuma, nikaendelea. Kidirisha cheusi nilikiacha wazi pembeni, na kila mtahini alipokitupia jicho, namba ilikuwa palepale. Kipindi kikaisha na mshale bado unakwenda mwepesi.

"Vizuri," mtahini akasema. "Mara ya kwanza ilianguka. Ilikuwa nini, na ulijuaje?"

Nyuma kukasikika kikohozi, kisha kiti kikasogea. Shemeji alikuwa amesimama. "Mtahini, kabla hajajibu, ningependa kutoa ushuhuda mfupi."

"Wewe ni mwanafunzi?"

"Hapana. Mimi ni shemeji."

"Basi kaa, shemeji."

Dereva alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilijua kwamba nikisema neno moja la kupindisha, mdogo wangu atalala kwa amani na mimi nitarudi kwenye madebe. Na nikisema kweli, chakula cha nyumbani kitakuwa kichungu kwa muda mrefu. Nilimtazama mdogo wangu. Alinyanyua macho, akaniangalia, hakuyashusha.

Nikaeleza. Nilisema jinsi kumbukumbu ilivyojaa na eneokazi kuuliwa, jinsi nilivyozima nyongeza moja moja, jinsi namba ilivyosimama nilipoitoa saa ya pambo niliyowekewa. Nilisema kuzima na kuwasha kulifuta meza tu na hakukuponya chochote. Mtahini akauliza, "Na aliyeiweka hakujua?"

"Alijua," nikasema. "Kwake aliitoa siku hiyohiyo. Ni shemeji yangu, amekaa pale."

Mtahini aliandika kitu, akaugeuza uso wake kwangu tu, kana kwamba benchi la nyuma halipo. "Umefaulu, mama. Cheti utachukua kwa mwalimu."

Mkunga alinikumbatia. Shemeji alikuwa anatabasamu lile tabasamu lake la mazishini, akiwaambia majirani kwamba Mungu hutumia hata saa mbovu. Mama mmoja jirani, aliyekuwa ameombewa simu wiki nzima mpaka betri ikavimba, hakumsikiliza. Alikuja moja kwa moja kwangu na simu yake imefungwa kwenye leso.

"Kwa hiyo na hii yangu?" akauliza. "Niliambiwa nisiwe na shaka."

Niligeuka ili wote wanione, mwalimu, mtahini, wenzangu, mdogo wangu na mume wake, nikasema kwa sauti:

"Naahidi mbele yenu. Hii simu nitaitafutia fundi wa kweli kesho. Na mashine yoyote itakayoletwa uani kwangu, itatazamwa kwanza inaumwa nini, ndipo tusali. Na nikimsikia mtu analiita jina la Mungu juu ya kitu alichokiharibu kwa mkono wake, nitamtaja mbele ya watu, awe analala kwangu au halali."